Safari ya Hinapawan Yapangwa Upya

Karatasi ya mpango ilikuwa na mistari kumi na saba, na Sajini Perla Manlapig alikuwa ameisoma mara nne bila kuhisi chochote. Ilikuwa karatasi nzuri. Aliyeiandika alijua anachofanya: saa ya kuondoka mjini, mahali pa kunywa kahawa, saa ya kujiandikisha kijijini na kupewa mwongozaji, nani abebe nini, wapi wataparamia miamba kwa mikono na miguu, wapi mto utaonekana. Kila mtu glavu, maji lita mbili, filimbi shingoni. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: UKIKWAMA, KAA HAPO HAPO. KULA. PIGA FILIMBI. SUBIRI WENZIO.

Watu watatu walipanda Mlima Hinapawan jana Jumapili kwa mpango huo, wakiongozwa na mzee mmoja wa kijijini. Walirudi wawili. Wa tatu, Rowena Quiambao, msichana wa miaka ishirini na saba aliyefanya kazi ya kupokea simu mjini, aliteremshwa kwa kamba jioni na sasa alikuwa mochwari.

Mkuu wa kituo, Luteni Arcega, alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa ya pakiti.

"Bado tu unasoma hiyo? Mwendesha mashtaka anataka jalada saa kumi. Mwongozaji kampeleka mteja kwenye mwamba uliofungwa, mteja kaanguka. Uzembe uliosababisha kifo. Andika, saini, tukale."

"Maelezo ya hawa wawili yanafanana, afande."

"Si ndiyo vizuri?"

"Yanafanana mno. Wote wameandika, 'alisisitiza sana kwenda peke yake na mwongozaji.' Neno kwa neno."

"Wachumba hao. Wanakula pamoja, wanawaza pamoja." Arcega alikunywa kahawa. "Na mzee mwenyewe ana rekodi. Miaka miwili iliyopita mtu alivunjika mkono, jina lake limo."

Perla alikwisha lifuatilia hilo. Aliyevunjika mkono alikuwa wa kundi jingine kabisa. Jina la mzee limo kwa sababu ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani. Alimweleza Luteni, na Luteni akakuna shingo.

"Haya. Una mpaka saa kumi. Ikifika kumi simsubiri mwandishi wala mpelelezi, nasaini mwenyewe na mzee anapanda gari la magereza."

Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mwongozaji, Teban Agapito, ambaye wote walimwita Mang Teban kwa heshima ya uzee, alikuwa amekaa sakafuni mahabusu ingawa benchi lilikuwepo. Miaka hamsini na minane, ishirini na mbili kati ya hiyo akipandisha watu Hinapawan. Miguu yake ilikuwa imepasuka visigino, na alikuwa hajagusa uji aliopewa.

"Nilikosea, afande," alisema kabla Perla hajaketi. "Niandike hivyo hivyo."

"Ulikosea nini?"

"Nilishuka nikawaacha."

"Wao wanasema ulipanda naye."

"Wanasema. Na wewe utawaamini wao, maana wameandika kwa kompyuta." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mchele. "Tulifika kwenye banda la mapumziko saa tatu. Yule kijana Jomar akashika kifua. Dawa yake ya pumu kaisahau garini, ufunguo huu hapa, Mang Teban nisaidie. Nikamwambia tushuke wote. Akasema hawezi. Sasa mtu anakoroma kifua mbele yako, wewe utafanyaje?"

"Ukashuka mpaka garini."

"Nikawaambia kaeni hapa, msisogee hata hatua. Nikashuka."

"Nani alikuona huko chini?"

Mzee aliangalia visigino vyake. "Hakuna. Nilipitia nyuma ya kanisa. Mwongozaji akiacha kundi anafungiwa miezi mitatu. Niliwakwepa wenzangu."

"Mang Teban, yaani ulijificha vizuri mpaka ukajifunga mwenyewe."

"Ndiyo, mama. Nilijificha vizuri sana."

"Ukarudi saa ngapi?"

"Saa sita. Nikawakuta wawili bandani. Nikauliza, bibie wa tatu yuko wapi? Wakasema amechoka, ametangulia kwa njia ya mtoni. Njia ya mtoni hata nyanya yangu angepita. Nikaamini."

Perla aliandika saa hizo mbili kwenye kiganja cha mkono, tabia yake ya zamani, akatoka.

Vitu vya marehemu vilipangwa juu ya meza chumba cha vielelezo. Simu iliyopasuka. Glavu mbili, kulia imechanika kiganjani. Filimbi ya plastiki ya rangi ya chungwa, bado ina kamba yake. Mkoba wa mgongoni, umechubuka upande mmoja. Ndani ya mkoba kulikuwa na kopo la chakula lenye mfuniko wa kubana pande nne. Perla aliufungua. Harufu ya vitunguu saumu ilitoka, lakini kopo lilikuwa jeupe. Hapakuwa na punje ya wali, wala mfupa, wala kipande. Akalifunga tena, pembe zote nne, jinsi alivyolikuta.

Alimpigia simu mama wa marehemu. Mama aliitika kwa sauti ya kuamshwa, ingawa alisema hajalala.

"Ulimfungia nini, mama?"

"Wali wa kukaanga. Na soseji za longganisa. Saba."

"Saba?"

"Ndogo ndogo, za kidole gumba. Zilikuwa kumi, tatu nikambakizia baba yake. Alisema ni chakula cha wote wanne, nikamwambia saba kwa watu wanne mtagombana, akacheka." Akapenga kamasi. "Kopo langu mtanirudishia? Lile ni la seti."

Perla alisema litarudishwa. Alikata simu akaandika: saba.

Saa sita aliwaweka Jomar Villaruz na mchumba wake, Tessa Oliveros, kwenye meza ndefu ya mgahawa wa kituo. Jomar alikuwa na miaka thelathini, amenyoa vizuri, na alikuwa ameleta folda. Kikundi chake cha wapanda milima kilikuwa na wafuasi elfu kumi na moja mtandaoni. Aliitaja hesabu hiyo kabla hajaulizwa. Tessa alikaa na mikono mapajani.

"Nina shida moja," Perla alisema. "Lazima nipande huko kesho kuangalia mahali. Sijapanda mlima tangu nipate mtoto wa pili. Nipangieni safari."

Jomar alimtazama. "Kupanga?"

"Si ndiyo kazi yako? Kikao cha kabla ya kupanda, kama mnavyofanya ninyi. Nipangie ile ile ya jana, nyayo kwa nyayo. Karatasi hii hapa, kalamu hii hapa."

Watu wa aina ya Jomar hawawezi kuona karatasi tupu wakaiacha. Alivuta kalamu. Baada ya mistari mitatu mabega yalimshuka, akaanza kuongea kwa raha.

"Unajiandikisha saa kumi na moja na nusu alfajiri, afande, jua lisikukute kwenye miamba. Glavu usisahau, mawe ya kule yanakata kama wembe. Saa moja unaanza kuparamia. Hapa ukitia mguu, jaribu kwanza jiwe, usiliamini. Saa tatu, banda la mapumziko."

"Mto unaonekana kutoka hapo?"

"Kidogo. Miti inaziba."

"Unaonekana vizuri wapi?"

"Mwamba wa Tatu. Lakini umefungwa tangu masika yaliyopita, ubao upo. Hatuendi."

"Hamuendi. Sawa. Na bandani napumzika muda gani?"

"Dakika kumi na tano. Zaidi ya hapo misuli inapoa."

Perla aligeuza ile karatasi ya kwanza, yenye mistari kumi na saba, akaweka kidole mstari wa tisa. "Jana uliandika dakika mia na ishirini."

Kalamu ilisimama. "Ilikuwa... kwa ajili ya picha."

"Picha za miti?"

"Na chakula. Tulikula pale. Tumeandika kwenye maelezo, tulikula wote saa tano na nusu, na mwongozaji. Ndipo Rowena akataka kwenda Mwamba wa Tatu, mzee akampeleka."

"Ndiyo, nimeona. Tuje kwenye chakula basi, maana mimi bila kula sipandi." Perla alisogeza kiti. "Aliyebeba chakula cha mchana ni Rowena peke yake, mpango unasema. Wewe mkate wa njiani, Tessa maji ya ziada. Mlikula nini?"

"Wali," Tessa alisema.

"Na longganisa," Jomar akaongeza haraka. "Za vitunguu saumu. Tamu sana. Tulimaliza zote."

"Zote?"

"Zote, afande. Njaa ya mlimani si mchezo."

"Zilikuwa saba. Ninyi wanne. Mmoja mmoja, zimebaki tatu. Tuseme wengine watatu wakaongeza, imekwisha." Perla aliuliza kwa sauti ile ile ya kuuliza njia. "Nani alikula ya mwisho?"

"Si mimi!" Tessa alisema.

"Mimi? Hapana!" alisema Jomar, wakati huo huo.

Walijibu kama watoto waliofumwa na sukari. Yeyote angejibu hivyo. Kwetu kipande cha mwisho hakina mwenyewe. Kinasukumwa mezani, huyu anasema kula wewe, yule anasema nimeshiba, na mtu anaweza kuwa hajala tangu jana lakini mkono hauendi, aibu inamshika. Mwishowe kinafungwa kirudi nyumbani au apewe mbwa. Perla alikuwa amehudhuria arusi, ubatizo na matanga kwa miaka arobaini na saba, na hakuwahi kuona sahani ya watu wanne ikirudi jikoni nyeupe.

"Basi nani?"

"Rowena," Tessa alisema.

"Mzee," alisema Jomar.

Wakatazamana.

"Mzee ndiye," Tessa alisema polepole. "Nimesahau. Ni mzee."

"Mwongozaji aliyealikwa kwenye chakula cha wateja," Perla alisema, "akachukua cha mwisho mbele ya wenye chakula. Mang Teban huyu, ambaye hata kwenye benchi letu anaona haya kukaa."

"Wazee wa kijijini hawana aibu, afande, wewe huwajui."

"Nimezaliwa nao."

Jomar alifunga folda. "Kwa hiyo unanishitaki kwa soseji? Aisee! Nitampigia wakili wangu, naye atacheka mpaka alie."

"Mpigie. Simu iko ukutani, na koplo atakusindikiza." Perla alisimama. "Tessa, wewe baki na maji yako."

Kabla hajarudi mezani, daktari wa mochwari alipiga simu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache anayetafuna akiongea.

"Umesema maelezo yao yanadai alikula saa tano na nusu, akaanguka saa sita na nusu akafa papo hapo?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Siyo. Paja la kushoto limevunjika na limevimba hivi, kama mto wa kulalia. Jeraha la maiti halivimbi hivi. Damu ilivuja ndani polepole, masaa. Naweka masaa manne kutoka kuanguka mpaka kufa, labda pungufu kidogo. Na chakula alikula baada ya kuvunjika, si kabla. Fizi zimevuja damu kutokana na kuanguka, na damu hiyo imechanganyika na wali mpaka tumboni."

"Alikufa saa ngapi?"

"Jana mchana, kama saa nane. Usinishike kwa dakika."

"Angefikiwa mapema?"

Daktari aliacha kutafuna. "Hilo usiniulize, Perla. Na usiliandike kama swali."

Perla alirudi akaketi mbele ya Tessa. Hakumpa pole. Aliweka mezani lile kopo tupu, akafungua mfuniko pembe moja moja, akalisukuma karibu naye.

"Hili lilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa ubavuni mwake, chini ya Mwamba wa Tatu. Kwa hiyo kula alikula yeye, peke yake, mpaka punje ya mwisho. Mtu akila hivyo hana mwenzake karibu. Na alikula akiwa amekwisha vunjika. Daktari kanipigia sasa hivi."

Tessa aliliangalia kopo. Alilitazama kwa muda mrefu, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Uso wa namna hiyo Perla aliujua, aliuona kila asubuhi kwenye kioo akichana nywele.

"Alikula?" Tessa aliuliza.

"Ndiyo."

"Hapana. Alikuwa amekufa. Ilinyamaza."

"Nini kilinyamaza?"

"Filimbi."

Perla hakuandika. Akiandika, watu hunyamaza.

"Jomar alimtuma mzee dawa," Tessa alisema. "Dawa alikuwa nayo mfukoni. Alitaka picha ya mto kutoka Mwamba wa Tatu, na mzee asingekubali. Dakika arobaini kwenda. Rowena alisimama ukingoni, Jomar akamwambia rudi nyuma kidogo, kidogo tena. Saa nne hivi. Hakupiga hata kelele. Tulidhani amekufa. Halafu filimbi ikaanza kulia huko chini."

"Mlimwona?"

"Hapana, ukuta umebinuka ndani, huwezi kuona chini. Tuliita, maji yanavuma, hakuna kinachosikika ila filimbi tu. Mara tatu, kimya, mara tatu, kimya. Simu haishiki kule. Nikasema tukamwite mzee. Jomar akasema subiri, tufikiri, mwamba umefungwa, watatufungia kupanda maisha. Tukafikiri." Alivuta pumzi. "Tulifikiri saa nzima, dada. Mimi nilikuwa nimekaa nahesabu zile tatu. Saa tano ikanyamaza. Tukangoja, ikawa kimya kabisa. Jomar akasema basi, kwisha, ametutoka, sasa hakuna wa kumsaidia, tujisaidie wenyewe. Tukaondoka."

"Ilinyamaza saa tano."

"Saa tano."

Perla aliangalia ile karatasi ya mpango, mstari wa mwisho wenye herufi kubwa. Tessa naye aliusoma, herufi zikiwa juu chini, kutoka upande wake wa meza. Perla aliona midomo yake ikitembea. Ilifika neno la tano, KULA, ikasimama.

"Alikuwa anakula," Tessa alisema.

"Ndiyo."

"Alinyamaza kwa sababu alikuwa na chakula mdomoni."

"Andika," Perla alimwambia, akampa kalamu ya Jomar. "Kwa maneno yako, siyo ya mtu mwingine."

Tessa aliandika kurasa tatu. Hakulia. Alipomaliza aliuliza kama anaweza kwenda chooni, akaenda, na kutoka ukumbini ilisikika sauti ya Jomar akimweleza wakili kwenye simu kwamba yote hii ni ugomvi wa soseji. Koplo aliyekuwa pembeni yake tayari alikuwa ameshika pingu.

Luteni Arcega alizisoma kurasa hizo akiwa amesimama. Alipofika ya tatu alikaa. Kisha akatoa kwenye droo ile hati ya mashtaka ya mzee, akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni badala ya kuvitupa.

"Kamtoe," alisema.

Ilikuwa saa tisa na robo. Perla alichukua mkanda wa mzee na kandambili zake, akafungua mlango wa mahabusu. Alimweleza yote yaliyomo kwenye kurasa tatu kwa mpangilio wake, kwa sababu angeyasikia kijijini kwa namna mbaya zaidi. Mang Teban alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa ameanza kupitisha mkanda kwenye suruali, mikono ikasimama katikati.

"Alifariki saa nane?"

"Karibu na saa nane."

"Basi saa sita alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Saa sita mimi nilikuwa bandani." Alisema taratibu, kama anayehakikisha hesabu ya mtu mwingine. "Walinikaribisha mkate. Nikaketi. Miguu ilikuwa inaniuma kwa kupanda mara mbili, nikajinyoosha nusu saa nzima. Nikawatania hata, nikawaambia ninyi wa mjini mmechoka kuliko mimi."

"Mang Teban, hukujua."

"Chini ya mwamba ule kuna kijia cha wachuma matunda ya rambai. Wateja hawakijui. Kutoka bandani natumia dakika ishirini na tano."

Perla alielekeza kidole mlangoni. "Mkeo yuko nje tangu asubuhi. Amekuletea shati."

Mzee alimaliza kufunga mkanda. Halafu akakaa tena sakafuni, mahali pale pale.

"Afadhali ungeniacha na kesi, mama," alisema.

Perla aliziweka kandambili mbele ya miguu yake, zikitazama nje. Akaenda kuandika jalada, kwa kuwa lilitakiwa saa kumi. Alipopita tena na karatasi zake mkononi, mlango wa mahabusu ulikuwa wazi kama alivyouacha, na Mang Teban alikuwa bado ndani.